Malipo Sita, Vyuo Vikuu Viwili: Kodi ya Mwanafunzi wa Uzamivu Kutoka Tanzania Nchini Marekani

Mwanafunzi anayehusika katika kisa hiki ni mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu cha umma nchini Tanzania. Mwezi Agosti 2022 mwajiri wake alimpa likizo ya masomo, akasafiri hadi jimbo la Texas nchini Marekani kusomea shahada ya uzamivu katika sayansi ya udongo, akiwa na viza ya wanafunzi ya F-1. Barua ya udahili ilimweleza kwamba amepata ufadhili kamili, na kwa muda mrefu yeye mwenyewe aliendelea kuyaita malipo yote aliyopokea kwa jina hilo moja, kama wanafunzi wa vyuo vya nyumbani wanavyoliita boom kila shilingi inayotoka Bodi ya Mikopo. Kisa nimekipanga kutokana na hali zinazowakuta wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki, na viasi vya malipo nimeviweka katika namba za mviringo ili hesabu ifuatike kwa kalamu na karatasi. Viwango vya kodi, masharti ya sheria na fomu zinazotajwa ni vya kweli, vya mwaka wa kodi 2024. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, kwa hiyo hesabu yote inabaki kwenye kodi ya serikali kuu.

Katika mwaka huo chuo cha Marekani kilimsamehe ada ya masomo ya dola 19,000. Kilimlipa dola 2,000 kwa mwezi kwa miezi tisa ya masomo, jumla dola 18,000, kwa kazi ya kusimamia maabara za wanafunzi wa shahada ya kwanza na kusahihisha kazi zao. Majira ya kiangazi, ambapo hakukuwa na maabara za kusimamia, kurugenzi ya masomo ya uzamili ilimpa ruzuku ya utafiti ya dola 7,000. Idara yake ilimpa tuzo ya dola 500 kwa wasilisho bora la mwaka, na ikamrudishia dola 620 za tiketi na hoteli alipokwenda kuwasilisha matokeo yake kwenye kongamano katika jimbo jingine. Malipo ya sita yalitoka nyumbani: mshahara wake wa uhadhiri uliendelea kuingia benki nchini Tanzania kila mwezi, ukiwa umeshakatwa PAYE, yaani kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara.

Mwishoni mwa Januari 2025 alipokea fomu W-2, inayoonyesha mshahara na makato yake, na katikati ya Machi zikafika fomu mbili za 1042-S, zinazoonyesha malipo mengine kwa wasio wakaazi na kodi iliyozuiwa. Kwenye W-2, kisanduku cha 1 kilionyesha dola 18,000 na kisanduku cha 2 kilionyesha kodi iliyozuiwa ya dola 1,986, huku kisanduku cha 4 na cha 6, ambavyo huonyesha makato ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, vikiwa vitupu. Fomu ya kwanza ya 1042-S ilibeba msimbo wa mapato namba 16, wa ruzuku za masomo, kiasi cha dola 7,000, kiwango cha asilimia 14 na kodi ya dola 980. Ya pili ilibeba msimbo namba 23, wa mapato mengineyo, kiasi cha dola 500, kiwango cha asilimia 30 na kodi ya dola 150. Kuhusu msamaha wa ada na fedha za safari hakukuwa na karatasi yoyote ya kodi. Swali alilouliza ni la haki kabisa: iweje chuo kimoja, katika mwaka mmoja, kimtoze mtu mmoja kwa viwango vinne tofauti, kimojawapo kikiwa sifuri?

Jibu ni kwamba sheria ya Marekani haiangalii jina la malipo wala ofisi iliyoyatoa. Huuliza kwanza malipo hayo yanatolewa kwa ajili ya nini, na kama mpokeaji anatakiwa kutoa chochote ili ayapate. Kisha huuliza mpokeaji ni mkaazi au si mkaazi kwa madhumuni ya kodi. Na mwisho huuliza shughuli yenyewe inafanyika wapi. Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, na lilipata msimamo wake mwaka 1969, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Bingler dhidi ya Johnson. Wahandisi wa kampuni ya Westinghouse walikuwa wameruhusiwa kwenda kumalizia masomo ya uzamivu huku wakilipwa kati ya asilimia 70 na 90 ya mishahara yao, kwa sharti la kurudi kuitumikia kampuni kwa muda usiopungua miaka miwili. Walidai kwamba fedha hizo ni ufadhili wa masomo usiotozwa kodi. Mahakama ilikataa, kwa hoja kwamba ufadhili wa kweli ni msaada wa elimu usiomfunga mpokeaji kurudisha huduma yenye uzito kwa mtoaji. Mhadhiri yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kutia saini mkataba wa kurudi kufundisha baada ya likizo ya masomo ataitambua hali ya wahandisi wale mara moja.

Msamaha wa ada

Tuanze na dola 19,000 ambazo hazikupita mkononi mwa mwanafunzi hata siku moja. Kifungu cha 117 cha sheria ya mapato ya Marekani kinautoa kwenye mapato ufadhili unaotumika kulipia ada, michango ya lazima ya chuo, vitabu na vifaa vinavyotakiwa katika kozi, kwa mtu anayesomea shahada. Kuna kipengele kingine ndani ya kifungu hichohicho, aya ya (d)(5), kinachomhusu mwanafunzi huyu hasa: mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayefundisha au kufanya utafiti kwa ajili ya chuo anaweza kupunguziwa ada bila punguzo hilo kuhesabiwa kuwa mshahara, mradi kazi yake imelipwa malipo yake halali pembeni. Hapa alilipwa dola 18,000 kwa kazi, na msamaha wa ada ukabaki kuwa msamaha wa ada.

Kinga hii haipaswi kuchukuliwa kuwa jambo la kudumu lisilotikisika. Mwezi Novemba 2017 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa kodi uliokuwa na pendekezo la kuifuta aya hiyo, na wanafunzi wa uzamili katika vyuo vingi walitoka madarasani kupinga. Sheria iliyosainiwa Desemba mwaka huo haikuwa na pendekezo hilo. Kama lingepita, na tukitumia viwango vya 2024, mwanafunzi wetu angeongezewa dola 19,000 kwenye mapato yake na kodi yake ingepanda kwa dola 2,280, ambazo angezitoa kwenye posho ya chakula na pango, kwa ajili ya fedha ambazo zilihama tu kutoka daftari moja la chuo kwenda jingine.

Malipo ya kazi

Dola 18,000 za maabara ni mshahara. Kifungu cha 117, aya ya (c), kinasema wazi kwamba sehemu yoyote ya ufadhili inayolipwa kwa sharti la kufundisha, kufanya utafiti au kutoa huduma nyingine haifaidiki na msamaha, hata kama kila mwanafunzi wa programu hiyo analazimika kufundisha ili ahitimu. Ndiyo maana malipo haya yalikuja kwenye fomu W-2, ambayo ni fomu ya wafanyakazi.

Utupu wa visanduku vya 4 na 6 nao una maelezo yake. Mfanyakazi wa kawaida Marekani hukatwa asilimia 6.2 kwa hifadhi ya jamii na asilimia 1.45 kwa bima ya afya ya wazee, jumla asilimia 7.65, na makato haya hayana kiwango cha chini cha kuanzia. Mwanafunzi wa F-1 ambaye bado si mkaazi kwa madhumuni ya kodi ameondolewa kwenye makato hayo na kifungu cha 3121(b)(19), kwa kazi inayolingana na lengo la viza yake. Kwa dola 18,000 ahueni hiyo ni dola 1,377. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ofisi za mishahara hukosea hapa: mwanafunzi anasajiliwa kwenye mfumo kana kwamba ni mkaazi, makato yanaanza, na yeye hajui kwamba hayamhusu. Akiyaona kwenye hati yake ya mshahara, hatua ya kwanza ni kumwandikia mwajiri amrudishie. Mwajiri akishindwa au akikataa, ndipo anaiomba IRS, yaani mamlaka ya mapato ya Marekani, kwa fomu 843 ikiambatana na fomu 8316.

Kuhusu kodi ya mapato yenyewe, mwanafunzi alijaza fomu W-4, inayomwelekeza mwajiri azuie kodi kiasi gani, kwa utaratibu wa asiye mkaazi, akiandika herufi NRA (nonresident alien, yaani mgeni asiye mkaazi) chini ya mstari wa 4(c). Herufi hizo tatu huiambia ofisi ya mishahara isimpe kwenye hesabu ya kila mwezi punguzo ambalo hatakuwa na haki nalo mwisho wa mwaka. Mshahara wa dola 2,000 ulichukuliwa kuwa dola 24,000 kwa mwaka, kodi ikawa dola 220.67 kwa mwezi, na kwa miezi tisa ikafika dola 1,986.

Ruzuku ya kiangazi

Dola 7,000 za kiangazi zilitolewa ili asome na kuendeleza utafiti wa tasnifu yake, bila kumtumikia mtu yeyote. Hakuwa na zamu ya maabara, hakuwa na msimamizi wa kumwandikia saa, na matokeo ya kazi yake yalikuwa ya kwake. Kwa hiyo si mshahara. Lakini kutokuwa mshahara hakumaanishi kutotozwa kodi. Kabla ya mageuzi ya kodi ya mwaka 1986 sheria ilikuwa na ukarimu zaidi. Tangu mageuzi hayo, sehemu ya ufadhili inayotumika kwa chakula, pango na nauli ni mapato yanayotozwa kodi. Mwanafunzi alitumia dola 400 kwa michango ya lazima ya usajili wa muhula wa kiangazi na kitabu kilichotakiwa kwenye kozi aliyoichukua. Hizo zinatoka. Zinabaki dola 6,600.

Asilimia 14 iliyozuiwa imewekwa na kifungu cha 1441(b) kwa wasio wakaazi wenye viza za F, J, M na Q. Wasio wakaazi wengine huzuiwa asilimia 30. Hapa wanafunzi wengi hudhani kwamba asilimia 14 ndiyo kodi yenyewe na mambo yameisha. Sivyo. Ni kodi ya zuio, yaani malipo ya awali. Sheria inaichukulia sehemu inayotozwa ya ruzuku ya mwanafunzi wa F-1 kuwa mapato yaliyounganishwa na shughuli nchini Marekani, kwa hiyo hujumlishwa na mshahara na kupita kwenye madaraja ya kawaida ya kodi. Chuo kilizuia asilimia 14 ya dola 7,000 zote, kwa kuwa hakikujua habari za zile dola 400. Ni juu ya mwanafunzi kuzidai kwenye ritani yake ya kodi, na kuzitunza stakabadhi.

Mwenzake Mmarekani wa maabara hiyohiyo, aliyepata ruzuku ileile, hakuzuiwa senti na hakupewa fomu yoyote. Hali hiyo haikumwondolea wajibu wa kodi. Ilimwachia tu kazi ya kukadiria na kulipa mwenyewe kwa awamu ndani ya mwaka. Wanafunzi wasio wakaazi huona zuio kuwa uonevu, nami naelewa kwa nini, lakini kwa mtu anayeishi kwa dola 2,000 kwa mwezi kuna nafuu katika kodi iliyokwisha kulipwa kabla fedha hazijatumika.

Tuzo na safari

Tuzo ya dola 500 ilitolewa kwa kazi iliyokwisha kufanyika, wala haikukusudiwa kugharamia masomo yajayo. Chuo kiliichukulia kuwa tuzo chini ya kifungu cha 74, na kwa asiye mkaazi mapato ya namna hiyo hutozwa asilimia 30 moja kwa moja, bila madaraja na bila makato. Baadhi ya vyuo huhesabu tuzo ya mwanafunzi kuwa sehemu ya ufadhili wake wa masomo, na hapo huzuia asilimia 14. Mwanafunzi anayetarajia tuzo kubwa ana haki ya kuuliza mapema itaandikwaje.

Safari haina mengi. Idara ilimrudishia dola 620 dhidi ya risiti za tiketi na hoteli, kwa safari iliyokuwa kwa faida ya idara, na fedha za aina hiyo si mapato. Ni utaratibu uleule wa masurufu tunaoujua katika ofisi zetu: unachukua, unatumia, unarejesha hesabu kwa stakabadhi. Kama angepewa dola 620 mkononi bila kutakiwa kuonyesha risiti, zingegeuka kuwa sehemu ya ruzuku yake na asilimia 14 ingezuiwa. Safari ingekuwa ileile na kiasi kilekile, ila utaratibu wa hesabu ungemgharimu.

Ukaazi, na hesabu ya mwisho

Hadi hapa tumeangalia malipo. Sasa tumwangalie mpokeaji, kwani kosa lenye madhara makubwa kuliko yote katika ritani za wanafunzi wa kigeni liko hapa. Mtu mwenye viza ya F-1 hahesabiwi siku zake za kukaa Marekani katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, na mwaka wa kuwasili huhesabiwa kuwa mwaka mzima hata kama aliingia Desemba. Mwanafunzi wetu alifika Agosti 2022, kwa hiyo miaka yake mitano ni 2022, 2023, 2024, 2025 na 2026. Katika miaka hiyo yote yeye si mkaazi; hutumia fomu 1040-NR, ambayo ni ritani ya asiye mkaazi, pamoja na fomu 8843, ya kueleza kwa nini siku zake hazihesabiwi, na hii ya pili hutakiwa hata katika mwaka ambao hakupata mapato yoyote.

Asiye mkaazi hana haki ya punguzo la kawaida, ambalo ni kiasi ambacho mkaazi hukiondoa kwenye mapato yake kabla kodi haijakokotolewa. Kwa mwaka 2024 mtu asiye na ndoa aliondoa dola 14,600. Mwanafunzi wa Kitanzania huanza kutozwa kodi kuanzia dola ya kwanza. Mshahara wa dola 18,000 ukijumlishwa na dola 6,600 za ruzuku unafanya dola 24,600. Dola 11,600 za mwanzo zinatozwa asilimia 10, yaani dola 1,160, na dola 13,000 zinazobaki zinatozwa asilimia 12, yaani dola 1,560. Jumla ni dola 2,720. Jedwali la IRS, ambalo husoma mapato kwa vipande vya dola 50, linatoa dola 2,723. Tuzo inakwenda kwenye Jedwali NEC, sehemu ya fomu hiyo ya mapato yasiyopita kwenye madaraja, na kuongeza dola 150. Kodi yote ni dola 2,873. Iliyokwisha kuzuiwa ni dola 1,986 za mshahara, dola 980 za ruzuku na dola 150 za tuzo, jumla dola 3,116. Anastahili marejesho ya dola 243.

Sasa tuseme angefuata ushauri wa rafiki na kutumia programu ya kawaida ya kodi inayotangazwa kila kona kuanzia Januari. Programu nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya wakaazi, na humpeleka mtumiaji moja kwa moja kwenye fomu 1040, ritani ya wakaazi. Ingempa punguzo la dola 14,600, ingeitoza tuzo kwenye madaraja ya kawaida, na ingemwonyesha kodi ya dola 1,053 na marejesho ya dola 2,063. Fedha hizo zingeingia benki ndani ya wiki chache, naye angeamini kwamba amefanya vizuri. Kwa kweli angekuwa amejitangaza kuwa mkaazi wakati si mkaazi na amechukua dola 1,820 zisizo zake. Njia ya kujinasua ni kurekebisha ritani kwa fomu 1040-X na kurudisha fedha pamoja na riba, na ni afadhali afanye hivyo mapema, kabla hajaanza kuomba viza nyingine au ukaazi, ambako kumbukumbu za kodi zinaweza kuulizwa.

Katika hesabu hii kuna jambo linalonigusa zaidi ya mengine. Mwanafunzi kutoka India mwenye malipo yaleyale, viza ileile na miaka ileile ya kukaa huruhusiwa kuchukua punguzo la kawaida, kwa sababu ibara ya 21 ya mkataba wa kodi kati ya India na Marekani inampa haki hiyo. Kwake mapato yanayotozwa yangekuwa dola 10,000, kodi yake dola 1,003, na pamoja na tuzo dola 1,153. Mwanafunzi kutoka China anao mkataba unaoondoa kodi kwenye ruzuku za masomo na kwenye dola 5,000 za mshahara kwa mwaka. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, na vilevile Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Barani Afrika wenye mikataba hiyo ni Misri, Moroko, Afrika Kusini na Tunisia. Mtanzania na Mhindi waliokaa meza moja ya maabara wanatofautiana kwa dola 1,720 kwa mwaka, karibu mshahara wa mwezi mzima, na tofauti hiyo haitokani na jambo lolote ambalo mmoja wao amefanya. Tanzania imeshafunga mikataba ya namna hii na nchi kama Canada, India, Norwe, Uswidi, Denmark na Afrika Kusini. Wanaojadili mikataba kwa kawaida hufikiria gawio, riba na mirabaha ya makampuni. Naamini wanafunzi na watafiti wanastahili kukumbukwa kwenye meza hiyo, kwa sababu ndio raia wa kawaida wanaoilipa gharama ya kukosekana kwa mkataba kila mwezi Aprili.

Mshahara wa nyumbani

Mwanafunzi alikuwa na hofu kubwa kuhusu mshahara wake wa Tanzania. Je, ulipaswa kuandikwa kwenye 1040-NR? Kifungu cha 872(b)(3) kinamjibu vizuri: malipo ambayo mwajiri wa nje ya Marekani anamlipa asiye mkaazi aliyeko nchini humo kwa muda kwa viza ya F, J au Q hayaingii kwenye mapato yake ya Marekani. Haijalishi kwamba analipwa akiwa Texas. Mshahara huo unabaki kuwa jambo la Tanzania, ambako mwajiri ameshaukata PAYE kwa madaraja ya mkaazi, yanayoanza kutoza kwa kinachozidi shilingi 270,000 kwa mwezi na kufika asilimia 30 kwa kinachozidi shilingi 1,000,000. Tukirudi kwenye hoja ya wahandisi wa Westinghouse, mshahara wa likizo ya masomo, unaolipwa kwa mtumishi aliyefungwa na mkataba wa kurudi kazini, hauwezi kuvikwa joho la ufadhili. Kuukata PAYE ni sahihi.

Kinga hiyo ya kifungu cha 872 ina kikomo, na kikomo chake ni ukaazi. Ifikapo 1 Januari 2027 siku za mwanafunzi zitaanza kuhesabiwa. Akimaliza masomo na kuondoka Marekani kabla ya tarehe 2 Julai 2027, atakuwa hajafikisha siku 183 na atabaki asiye mkaazi hadi mwisho. Akivuka tarehe hiyo, kwa kawaida atakuwa mkaazi kwa mwaka huo: atapata punguzo la kawaida, lakini pia atatakiwa kutangaza mapato yake ya dunia nzima, ukiwemo mshahara wa Tanzania, na kuomba afueni ya PAYE aliyolipa kwa fomu 1116. Akaunti zake za benki za nyumbani zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka, nazo zitahitaji kutolewa taarifa. Kinga ya makato ya asilimia 7.65 itokanayo na viza itakoma, ingawa iko nyingine inayomlinda mwanafunzi yeyote, raia au mgeni, anayefanya kazi katika chuo anachosoma akiwa amesajiliwa na kuhudhuria masomo.

Kiangazi cha 2025

Limebaki swali la mahali. Kwa majira ya kiangazi ya 2025 mwanafunzi amepanga kukaa miezi mitatu Morogoro akikusanya sampuli za udongo wa mashamba ya mpunga, kwa ruzuku nyingine ya dola 7,000 kutoka kurugenzi ileile. Kanuni za IRS zinasema kwamba ruzuku inayotolewa kwa mtu asiye wa Marekani kwa ajili ya shughuli itakayofanyika nje ya Marekani ni mapato yenye chanzo nje, hata kama mtoaji ni chuo cha Marekani. Maana yake ni kwamba asilimia 14 haipaswi kuzuiwa, na ruzuku hiyo haiingii kwenye 1040-NR. Lakini mfumo wa malipo wa chuo hauna njia ya kujua kwamba mpokeaji yuko Morogoro. Husoma tu kwamba ni mwanafunzi wa F-1 na kuzuia kama ulivyozoea. Kinachotakiwa ni barua ya ruzuku itaje kwamba utafiti utafanyika Tanzania na kati ya tarehe zipi, na nakala yake iwafikie wahasibu wa kodi wa chuo kabla hundi haijaandaliwa. Ikiwa atagawa kiangazi, mwezi mmoja Texas na miwili Morogoro, barua igawe fedha hivyohivyo.

Fedha hizo zikishatoka chini ya sheria ya Marekani, hazielei hewani. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania humhesabu kuwa mkaazi mtu mwenye makazi ya kudumu nchini anayekuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka, na mkaazi hutozwa kodi kwa mapato ya popote duniani. Msamaha unaotolewa kwa ufadhili wa masomo nchini Tanzania unahusu ada na karo za masomo ya muda wote, na ruzuku ya kuishi kijijini ukichimba sampuli haifanani sana na karo. Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege ya Juni anapaswa kuandika barua mbili: moja kwa wahasibu wa chuo cha Texas kuhusu chanzo cha ruzuku, nyingine kwa ofisi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, ya mkoa anakoishi, akieleza ruzuku ni ya nini, nani anaitoa na atakuwepo nchini kwa muda gani, na kuomba majibu kwa maandishi.